Sauli aliacha kondoo hai, Daudi aliua mtu: mbona aliyebaki ni Daudi?

SWALI: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, na tangu mwaka jana ni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu. Bei ya saruji ilipoanza kupanda nilichukua fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati, nikanunua mifuko 180 bila kusubiri kikao. Nia yangu ilikuwa njema, na saruji yote imeingia ukutani. Kikao kilichofuata, mweka hazina, kijana niliyemfundisha mwenyewe darasa la nne, alisimama mbele ya wote akasema mwenyekiti amevunja utaratibu. Nilimjibu kwa ukali, akakaa. Sasa nimetakiwa kutoa maelezo. Mke wangu anasema niombe radhi. Wazee wenzangu wanasema mwenyekiti akishaomba radhi mbele ya vijana, uongozi umekwisha. Wakati huohuo, katika ibada za nyumba kwa nyumba tumefika Samweli wa Kwanza, na swali limenikaa kooni: Sauli aliacha kondoo na ng'ombe hai akanyang'anywa ufalme, Daudi alichukua mke wa mtu na kumuua mumewe, akabaki mfalme. Haki iko wapi, na kiongozi mdogo kama mimi nijifunze nini?

JIBU: Amina, mzee wangu, na shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Umeandika ya Sauli na ya saruji kama mambo mawili, lakini nadhani moyoni unajua kwamba ni jambo moja. Niruhusu nianze na wafalme. Hata nabii Nathani alipotumwa kwa mtu mzima mwenye cheo, alianzia mbali.

Kwanza nakubaliana nawe: ukiyaweka makosa ya hao wawili kwenye mizani, la Daudi ni zito zaidi, wala sitalipunguza. Wako wahubiri wanaojaribu kumsaidia Daudi kwa kumlaumu Bathsheba aliyekuwa akioga. Biblia yenyewe haifanyi hivyo. Aliyekemewa ni Daudi, na katika mfano wa Nathani yule mwanamke ni mwana-kondoo aliyeporwa. Kwa hiyo kama kipimo kingekuwa ukubwa wa kosa, Daudi asingebaki. Kipimo ni kingine, na utakiona ukitazama zile dakika chache zinazofuata kosa, pale mtu anapoambiwa.

Fungua 1 Samweli 15. Amri ya kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao inamuumiza msomaji wa leo, na ina swali lake linalostahili jibu lake. Hapa nabaki na Sauli. Usiku ule nabii Samweli hakulala, alimlilia Bwana mpaka asubuhi. Akaondoka kwenda kumtafuta mfalme, akaambiwa Sauli amepita Karmeli na huko amejisimamishia ukumbusho. Vita vimekwisha juzi tu na mnara wa ushindi umeshasimama. Wanapokutana, Sauli ndiye anayetangulia kusema: ubarikiwe, amri ya Bwana nimeitimiza. Wakati huo nyuma yake kondoo wanalia. Samweli anauliza swali moja tu: kulia huku kwa kondoo ninakokusikia maana yake nini?

Sasa hesabu majibu ya Sauli, mzee wangu, maana mwandishi ameyapanga moja baada ya jingine ili tuyahesabu. Kwanza anasema ni watu waliowaacha hai. Halafu anasema waliwaacha kwa ajili ya ibada, wapate kumtolea dhabihu Bwana, Mungu wako. Amesema wako, hakusema wangu. Samweli anamkumbusha kwamba alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe siku alipowekwa kuwa mfalme. Sauli anarudia kwamba yeye ametii, ila watu ndio waliochukua nyara. Hapo ndipo Samweli anaposema neno ambalo kila mtoto wa shule ya Jumapili amelikariri, kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu. Ndipo Sauli anasema nimekosa, na hapohapo anaongeza sababu: niliwaogopa watu. Mwisho kabisa anasema tena nimekosa, lakini sasa uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu.

Neno nimekosa alilisema, tena mara mbili. Msomaji akisoma haraka ataona amemwonea huruma mtu aliyetubu. Lakini kila nimekosa ya Sauli ina kitu kimefungwa mkiani: mara watu, mara hofu, mara heshima yake mbele ya wazee.

Na heshima hiyo aliipata! Watu wengi hawaoni jambo hili. Mstari wa 31 unasema Samweli alirudi pamoja naye, Sauli akaabudu mbele ya watu, wazee wakaona mfalme na nabii wako pamoja. Kwa macho ya kikao, uongozi haukutikisika. Mistari minne baadaye tunaambiwa Samweli hakwenda tena kumwona Sauli mpaka siku ya kufa kwake. Sauli alibaki na kiti na heshima, akampoteza mtu mmoja aliyeweza kumwambia ukweli. Ukifika sura ya 28 utamkuta Endori usiku, amevaa nguo za mtu mwingine asitambulikane, anamwomba mwanamke mwenye pepo wa utambuzi amwitie Samweli kutoka kwa wafu. Sauti aliyoichoka ilipokuwa hai, sasa anaitafuta kaburini. Nimefundisha Agano la Kale miaka mingi, na sura hiyo mpaka leo siwezi kuisoma kwa sauti darasani bila kutulia kidogo.

Rudi kwa Daudi, 2 Samweli 11. Sura ile imejaa neno kutuma. Daudi anamtuma Yoabu, mkuu wa jeshi lake, vitani, yeye anabaki Yerusalemu. Anatuma kuuliza yule mwanamke ni nani. Anatuma achukuliwe. Anatuma Uria, mume wa mwanamke huyo, arudishwe kutoka vitani. Anatuma barua kwa Yoabu, na anayeibeba ni Uria mwenyewe, ameshika mkononi hukumu ya kifo chake na hajui. Mfalme amefika mahali pa kutuma tu: hainuki, kila kitu kinaletwa na kila mtu anasukumwa kwa neno lake. Halafu sura ya 12 inaanza kwa neno lilelile, na safari hii anayetuma ni mwingine: Bwana akamtuma Nathani kwa Daudi.

Kati ya sura hizo mbili mimba ilikua na mtoto akazaliwa, kwa hiyo ni miezi mingi. Fikiria ni wangapi walijua. Wajumbe waliokwenda kumchukua Bathsheba walijua. Watumishi wa nyumba ya mfalme walimwona Uria akilala mlangoni badala ya kwenda kwake. Yoabu alikuwa ameisoma barua. Wote walikaa kimya. Kuhusu Yoabu nina maoni yangu: tangu siku ile Daudi hakuweza tena kumdhibiti. Yoabu alimchoma Absalomu, mwana wa Daudi, ambaye mfalme aliagiza atunzwe, akamuua Amasa katikati ya njia, na Daudi hakumgusa mpaka kitandani pa kufa alipomwachia Sulemani kazi hiyo. Kiongozi akimshirikisha msaidizi wake katika uovu, amempa kamba ya kumfunga.

Nathani anaingia na kisa cha maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, anayekula tonge lake, anayekunywea kikombe chake, anayelala kifuani pake. Tajiri amepata mgeni, akaona uchungu kuchinja wa kwake, akamchukua wa maskini. Daudi, mchungaji wa zamani, anawaka hasira, anahukumu: atalipa mara nne. Nathani anamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Hapo mfalme angeweza kufanya chochote. Aliyemuua askari wake mwaminifu ili kuficha jambo asingeshindwa kumnyamazisha nabii mmoja chumbani. Badala yake alijibu, "Nimemfanyia Bwana dhambi." Kwa Kiebrania ni maneno mawili tu. Hakutaja majaribu wala mwanamke, na hakuna lakini. Anayetaka kujua kilichokuwa moyoni asome Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaitaja siku ile Nathani alipomwendea.

Usielewe kwamba maneno mawili yalifuta kila kitu. Uria hakufufuka. Mtoto alikufa. Nyumba ya Daudi iliingia damu: Amnoni akamtenda jeuri Tamari, Absalomu akamuua Amnoni, kisha akamfukuza baba yake mjini, na mzee akapanda Mlima wa Mizeituni analia, hana viatu. Msamaha ulikuwa wa kweli na malipo yakawa ya kweli. Ila tazama kitu kimoja. Miaka mingi baadaye, katika 1 Wafalme 1, Daudi ni mzee, anafunikwa nguo wala hapati moto. Adoniya mwanawe anajitangazia ufalme. Anayeingia chumbani kumweleza mfalme yanayotendeka nje, akipishana na Bathsheba, ni nani? Ni Nathani. Yule aliyemwambia wewe ndiwe mtu huyo bado anaingia na kutoka. Hakuhamishwa wala hakufungiwa mlango, na siku ufalme ulipokuwa karibu kuibwa, mlango ule uliobaki wazi ndio uliouokoa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la haki ni hili: Sauli na Daudi wote walikosa, na wote waliambiwa. Mmoja alimtumia aliyemwambia ili alinde sura yake, mwingine alimruhusu amvunje. Ndiyo maana siku ya kuhesabu watu, tauni ilipowaua 70,000, Daudi alimwambia Bwana kwamba aliyekosa ni yeye, akauliza kondoo hawa wamefanya nini. Weka hayo karibu na Sauli. Sauli, kondoo wakilia nyuma yake, alisema ni watu. Daudi, watu wakifa mbele yake, aliwaita kondoo, akaomba mkono wa Mungu uwe juu yake na juu ya nyumba ya baba yake.

Hata hivyo Daudi si malaika. Shimei, mtu wa ukoo wa Sauli, alimtupia mawe na kumlaani njiani, naye akamzuia Abishai asimkate kichwa, akasema mwacheni. Tukasema, huo ndio unyenyekevu. Halafu kitandani pa kufa anamwagiza Sulemani azishushe mvi za Shimei kuzimu kwa damu. Mwandishi angeweza kuliacha nje, hakuliacha.

Hili ni la ajabu zaidi ukilinganisha na majirani. Mwaka 1868, huko Dhiban katika Yordani ya leo, lilipatikana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu, ambaye habari zake zimo katika 2 Wafalme 3. Leo liko Paris katika jumba la makumbusho la Louvre. Mesha anasimulia miji aliyoiteka, Waisraeli aliowaua, visima na ngome alizojenga. Kosa lake halimo hata moja. Ndivyo wafalme walivyoandika, na ukumbusho wa Sauli pale Karmeli haukuwa na sababu ya kuwa tofauti. Israeli walitunza pia maneno ya watu waliowakemea wafalme. Na chini yake kuna sheria ya Kumbukumbu la Torati 17: mfalme asijiongezee farasi, wala wake, wala fedha na dhahabu, tena ajiandikie nakala ya torati na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Zingatia neno hilo: ndugu zake. Ana kiti cha enzi na bado wao ni ndugu. Sulemani alivunja yote matatu, farasi, wake 700 na masuria 300, na dhahabu ya talanta 666 kwa mwaka. Hekima aliyokuwa nayo haikumkinga.

Ukishakipata kipimo hiki, Wafalme na Mambo ya Nyakati vinasomeka upya. Kila ukifika kwa mfalme, uliza: aliyemwambia ukweli, alimfanya nini? Asa alikuwa mfalme mwema muda mrefu, lakini Hanani mwonaji alipomkemea kwa kutegemea jeshi la Shamu, alimtia gerezani. Ahabu alikuwa na manabii 400 wa kumwambia nenda vitani utashinda, akamchukia nabii Mikaya peke yake kwa kuwa hakumbashiria mema, akaenda, akafa. Na huyohuyo Ahabu, mwovu kuliko waliomtangulia, aliponyenyekea mbele ya Eliya baada ya damu ya Nabothi, akafunga na kuvaa gunia, Mungu aliahirisha adhabu. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, aliwasikia wazee waliomwambia akiwa mtumishi wa watu leo watakuwa watumishi wake siku zote, akawaacha, akachukua ushauri wa vijana aliokua nao. Makabila kumi yakaondoka.

Uzia ananigusa kwa namna yake, kwa sababu ni mfano wa kiongozi mchapakazi. Alitawala miaka 52. Alijenga minara, alichimba visima jangwani, na Nyakati inasema jambo zuri sana juu yake, kwamba alipenda kilimo. Mtu wa kazi kabisa! Lakini alipokuwa na nguvu moyo wake ulitukuka, akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyo yake. Azaria na makuhani 80 wakamfuata, wakamzuia. Angeweza kuweka chini chetezo na kutoka. Alikasirika. Ukoma ukampanda usoni palepale alipowakasirikia, chetezo bado mkononi, na mpaka kufa aliishi katika nyumba ya peke yake. Soma vizuri, mzee wangu: pigo halikumkuta alipovuka mlango, lilimkuta alipowakasirikia waliomzuia.

Nikae kidogo kwenye hadithi moja ya mwisho, ninayoipenda kuliko zote. Karibu mwaka 622 kabla ya Kristo, hekalu likifanyiwa ukarabati, fedha zikiwa mikononi mwa mafundi (unaona, hata huko kulikuwa na kamati ya ujenzi), Hilkia kuhani mkuu alikiona kitabu cha torati. Shafani mwandishi alikipeleka kwa mfalme Yosia na kumsomea. Yosia alikuwa kijana wa miaka 26. Aliposikia, alirarua mavazi yake, akatuma watu kwa Hulda nabii mke, akakubali aliloambiwa ingawa lilikuwa zito. Miaka kama 18 ikapita. Mwanawe Yehoyakimu ndiye mfalme. Ni mwezi wa tisa, wakati wa baridi, mfalme yuko katika nyumba ya baridi, na makaa yanawaka mbele yake. Yehudi anamsomea gombo la Yeremia. Anasoma kurasa tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Anasoma tena, anakata tena. Mpaka gombo zima likaisha. Yeremia 36 inasema hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao, na mwandishi ametumia neno hilo la kurarua makusudi, ili tumkumbuke baba yake.

Watatu walimsihi mfalme asilichome. Mmoja wao ni Gemaria, mwana wa Shafani. Baba alikuwa amemsomea mfalme kitabu akaona mavazi yakiraruliwa. Mwana anasimama mbele ya mfalme mwingine anaona karatasi zikiraruliwa. Miaka ya 1980, katika uchimbaji wa Mji wa Daudi huko Yerusalemu, kilipatikana kidonge cha udongo chenye chapa ya muhuri: Gemaria mwana wa Shafani. Wataalamu wengi wanakubali ni huyu. Karatasi iliyofungwa kwa muhuri huo iliteketea Wababeli walipouchoma mji mwaka 586, lakini moto uleule uliupika udongo ukawa mgumu, ukadumu. Na gombo la Yeremia liliandikwa upya, na maneno mengi mengine yakaongezwa. Kuchoma hakukusaidia.

Sisi tunawaambia vijana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni kweli. Vitabu hivi vimeandikwa kwa ajili ya upande wa pili, mkuu asiyesikia la mdogo, na guu linalovunjika huko huwa si lake peke yake.

Nikueleze na langu. Nikiwa na miaka 31, mchungaji mpya, nilipewa kusimamia bweni la wanafunzi. Mama mmoja wa jikoni aliniita pembeni, kwa adabu kabisa, akaniambia sukari ya wanafunzi inaisha kwa sababu wageni wangu wa ofisini wanapelekewa chai kutoka stoo ileile. Nilimwambia, "Mama, hiyo si kazi yako." Sikumfokea, wala sikumfukuza. Nilidhani limeisha. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, nilifungua stoo mwenyewe nikakuta magunia sita ya maharage yameoza, paa lilikuwa linavuja juu yake tangu masika ianze. Jikoni wote walijua. Nilimuuliza yule mama mbona hukuniambia. Akanitazama usoni bila chuki akasema, "Mchungaji, uliniambia si kazi yangu." Wanafunzi 140 walikula ugali na mboga za majani mpaka likizo. Nilipomwomba radhi nilikuwa nimechelewa kwa mwaka mzima, na bado ilimchukua muda mrefu kabla ya kuniambia jambo tena.

Kwa hiyo wenzako wanapokuambia ukiomba radhi uongozi umekwisha, mimi nawaogopea zaidi watakaokaa kimya ukikataa. Kijana yule akikaa chini mara ya pili, hatasimama ya tatu. Na wengine kumi waliokuwa wakimtazama wameshajifunza.

Naamini nia yako ilikuwa njema. Lakini kumbuka 1 Samweli 13, Sauli akiwa Gilgali. Samweli alichelewa, watu walikuwa wanatawanyika, kati ya 3,000 aliowachagua mwanzoni wamebaki kama 600, Wafilisti wamepiga kambi Mikmashi, Sauli akatoa sadaka mwenyewe akasema alilazimika. Kila alichosema kilikuwa kweli. Bei ya saruji kupanda nayo ilikuwa kweli. Haraka ya kweli ndiyo inayowapotosha viongozi wema, maana wavivu hawana haraka. Fedha ile waumini waliitoa kwa mabati, na mwenye haki ya kuigeuza ni kikao. Hata kama ungeokoa nusu ya gharama, kura yao uliipiga wewe.

Najua pia si kila anayesimama kikaoni ni Nathani. Siba alimsingizia bwana wake Mefiboshethi, na Daudi, mfalme mwepesi wa kusikia, akaamini bila kuuliza upande wa pili, akampa Siba mali yote ya mtu asiye na kosa. Kusikia kunataka na kuchunguza, kama Yosia alivyotuma kwa Hulda. Ila kwako uchunguzi umekwisha. Barua yako mwenyewe inasema kijana alisema kweli.

Basi ningekuwa wewe, ningefanya hivi. Kabla ya kikao ningemfuata yule mweka hazina kwake, si kumwita kwangu. Mwalimu wa darasa la nne akiingia uani kwa mwanafunzi wake, nusu ya maneno yameshasemwa. Ila hayo yasichukue nafasi ya kikao, kwa sababu ulimkaripia mbele ya watu, na mbele ya watu ndipo umrudishie heshima yake. Usimwombe akusaidie kutuliza wazee, maana hapo utakuwa umefika kwenye ombi la Sauli.

Kikaoni sema kwa kifupi: nilitumia fedha za mabati bila idhini yenu, nilikosa, na nilipoambiwa nilimkaripia aliyesema kweli, nalo ni kosa la pili, namwomba radhi. Ishia hapo. Neno lakini likija mdomoni, limeze. Habari za bei ziweke mpaka mtu aulize, na akiuliza jibu kwa tarakimu. Usifanye hotuba ndefu ya kujishusha mpaka wajumbe waanze kukubembeleza. Hiyo nayo inakirudisha kikao kwako, na kikao ni cha mabati. Wakiamua urudishe fedha, au uketi pembeni kwa muda, pokea. Daudi alipokimbia Yerusalemu, kuhani Sadoki alitaka kulibeba sanduku la agano amfuate nalo. Daudi akaagiza lirudishwe mjini, akasema Bwana akimpendelea atamrudisha, na kama sivyo, amtende aonavyo vyema. Ombeni utaratibu wa dharura uandikwe kwenye muhtasari, ili siku bei ikipanda tena mwenyekiti ajue aite nani na kwa saa ngapi.

Stakabadhi za saruji zibebe zote, na ile isiyoonekana itaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Kisha keti. Mweka hazina akianza kusoma hesabu zake, mwache asome ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne, mpaka mwisho.